Usukani Uliolegea na Njia ya Mambrui

Tangu turudi, kila anayekuja kutupa pole hukaa, hunywa chai, kisha huuliza ilikuwaje hata tukachelewa. Nami hujibu kwamba gari liliharibika. Mgeni hutikisa kichwa, husema magari hayana dhamana, huaga akaenda zake. Jibu hilo limenichosha. Gari halikuharibika siku ile. Lilikuwa bovu zamani, na aliyekuwa akiushika usukani wake akiijua hali yake ni mimi. Kwa hiyo nimeketi nikaandika, mwenye kutaka asome. Asiyetaka, chai ipo.

Mtongwe hadi Changamwe

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, naye ni dada yake mkubwa, Bi Esha wa Mambrui. Bi Esha aliugua muda mrefu. Ijumaa jioni binti yake, Mwanamisi, akanipigia simu. "Dada Mwanaidi," akaniambia, "kama mama mdogo yuwataka kumuona, mlete kesho. Usingoje keshokutwa." Sikumwambia Mama maneno yote hayo, lakini aliyasoma usoni mwangu. Usiku ule alioka mkate wa sinia, kwa kuwa dada yake aliupenda, na alfajiri nilimkuta amevaa buibui, kikapu kiko mapajani, yuwangojea.

Gari letu ni pikapu. Mume wangu, Salimu, aliinunua kwenye yadi moja huko Kisauni, ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Hubeba mizigo ya watu kwa hiyo, na akiwa kazini bandarini huiendesha mimi. Tangu mwezi wa kwanza nilimwambia usukani umelegea. Unauzungusha kidogo na magurudumu hayana habari, kisha yanakumbuka kwa ghafla. Ukikata kona kali kuna kitu kinagonga chini, upande wa dereva. Tulipoirudisha yadi, muuzaji alicheka akasema, "Hizi zote ndivyo zilivyo mama, utazoea." Hapo alisema kweli bila kukusudia. Katika kundi la simu la wenye pikapu za aina hiyo, watu wa miji mbalimbali walikuwa wakilalamika jambo lile lile, na mmoja alituma picha ya gurudumu la mbele limelala ubavu kama mtu aliyeteguka kifundo. Nilimwonyesha Salimu. Akasema huyo bila shaka alipanda ukingo wa barabara.

Mamake Salimu ndiye aliyesema ni jicho. Tumenunua gari, majirani wameliona, na jicho la hasidi halichagui. Sikumbishia, maana mkwe habishiwi. Salimu akalipeleka gari kwa Mwalimu Badi wa Mjambere lisomewe. Akarudi na chupa ya kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, akayanyunyiza kwenye magurudumu na usukani. "Mwalimu asema tutembee kwa amani," akaniambia.

Nami nilikuwa nimekwisha kuagana na fundi wa Shelly Beach alitazame gari. Nikamvunjia ahadi. Kwetu, kitu kikishasomewa na mtu wa heshima kama Mwalimu Badi, ukakichukua kesho yake ukakipeleka kwa mwingine, ni sawa na kumwambia dua yake haikupanda. Atasikia, na watu watasikia kwamba amesikia. Nikafunga mdomo nikaendelea kuendesha.

Asubuhi hiyo ya safari nilikuta gari limepakiwa mabati. Salimu alikuwa mlangoni akipiga mswaki. "Yashushe Changamwe," akasema, "ni njiani tu." Mtu akitoka Mtongwe kwenda Mambrui, Changamwe si njiani. Lakini barabara mpya ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri, imewapa wanaume wote wa Likoni akili kwamba kila mahali ni njiani. Mama akasema, "Hapana neno, mwanangu Salimu, tutayashusha." Mama mkwe na mkwewe huoneana haya, wala hakuna anayemkatalia mwenzake jambo. Mimi nisiye na haya hizo nilitaka kukataa, ila saa zilikuwa zinakwenda.

Mwenye mabati hakuwapo. Amekwenda mazikoni Jomvu, na ufunguo wa ghala ameuweka mfukoni mwake. Wapakuzi wakagombana mabati yawekwe ndani ya ua au nje, wakayashusha nje, kisha mmoja akasema yataibwa, wakaanza kuyapakia upya. Niliwaambia wakiyarudisha nitaondoka nayo mpaka Mambrui na huko yataezeka choo. Wakayaacha. Nikanunua chai na viazi karai, vya moto, vizuri kwa kweli, nikala peke yangu. Mama hakugusa. "Ntakula kwa Esha," akasema.

Kisauni na Bamburi

Kuvuka Makupa na daraja la Nyali hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa Kisauni, mahali ambapo kila mmoja hutaka kuingia barabarani kwanza na hakuna anayetaka kuwa wa pili. Katika foleni ile ndipo unapoujua usukani. Unasukuma kidogo, unakata kidogo, na kila nikikata kulia kile kitu kilikuwa kinagonga.

"Ni nini hicho chagonga?" Mama akauliza.

"Ni gari, mama."

"Najua ni gari. Sikudhani ni mimi."

Bamburi, kati ya malori ya simenti, gari lilianza kuvuta kushoto lenyewe. Nililazimika kuushikilia usukani upande, kama mtu anayemshika mtoto mkaidi mkono sokoni. Mikono ikaanza kuniuma mabegani. Mwanamisi akapiga simu, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia Bamburi. Nikajua anapiga hesabu, kwa sababu watu walioondoka Likoni alfajiri walitakiwa wakati huo wawe wamekwisha kupita Kilifi. "Haya," akasema. "Mama aulizia."

Mtwapa

Mtwapa nikashindwa. Haya au si haya, nikaingiza gari gereji ya kwanza niliyoiona, chini ya turubai, kando ya barabara. Kabla sijashuka nilimpigia Salimu kumweleza.

"Si limesomewa hilo?" akasema. "Wataka kumfanya Mwalimu muongo?"

"Nataka kumfikisha Mama."

"Basi endesha."

Fundi alikuwa mtu wa bara, mwenye kitambi, anayejua kila kitu. Wakati nikimweleza kugonga na kuvuta, mwanamume mmoja alikuwa amekuja kuomba maji ya kunywa. Fundi akamwona, akanipa kisogo, akamweleza yeye. "Mzee, gari yako iko sawa. Shida ni alaimenti tu, magurudumu hayajanyooka." Yule mwomba maji hakusema si gari lake. Alipendezwa. Akaweka mikono kiunoni akauliza, je, na breki? Wakajadiliana breki za gari langu wawili hao kama wabunge, mimi nimesimama na ufunguo mkononi. Mwishowe fundi akalala chini, akagonga kitu kwa nyundo, akakaza nati moja, akainuka akijipangusa. Nikamuuliza kama ameyatazama maungio ya usukani. "Mathe, endesha polepole tu, itafika," akasema.

Mama alisubiri tuondoke ndipo akaniuliza neno hilo mathe ni tusi au vipi. Nilimwambia maana yake ni mama. Akafikiri. "Basi angesema mama," akasema.

Nikaendesha polepole. Kugonga kulikuwa kumekoma kabisa, na mimi mjinga nikafurahi. Sasa najua kwamba kitu kilichokuwa kinagonga kiligonga kwa sababu bado kilikuwa kimeshika. Mashamba ya makonge yakapita, tukavuka daraja la Kilifi, Mama akaanza kunisimulia jinsi Bi Esha alivyompiga msichana mmoja madrasani kwa sababu alimwita yeye, Mama, mchawi mdogo. Alikuwa akicheka. Simu ikalia, nikamwambia Mwanamisi tuko Kilifi. Nilimsikia akimwambia mtu chumbani, "Wako Kilifi."

Baada ya Kilifi

Ilikuwa karibu na Matsangoni, barabara imenyooka, hakuna shimo wala kona. Nilisikia mlio mmoja mkavu chini ya miguu yangu. Kisha usukani ukawa mwepesi. Sijui niwaeleze vipi wepesi ule. Niliuzungusha ukazunguka, nikauzungusha tena, na gari likaenda linakotaka. Gurudumu la kulia lilikuwa limegeukia nje na la kushoto linatazama mbele, na sisi tukakatiza barabara kuelekea upande wa magari yanayokuja. Basi moja lilikuwa linakuja. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Basi likapita mbele yetu likipiga honi, upepo wake ukalitikisa gari, nasi tukaserereka kwenye mchanga ng'ambo ya pili na kuingiza pua mtaroni.

Mama alikuwa akisema, "La ilaha illallah," kwa sauti ya kawaida, mara nyingi. Goti lake lilikuwa limegonga. Kikapu kilikuwa bado mapajani.

Nilishuka nikatazama. Lile ungio la chuma linalofunga mkono wa usukani kwenye gurudumu lilikuwa limechomoka kutoka kifundoni mwake. Mpira wa kulifunika ulikuwa umechanika zamani, mchanga umeingia, chuma kimelika mpaka kikawa chembamba. Hata mimi, nisiyejua kitu cha ufundi, niliona kwamba kazi ile haikufanyika siku moja. Nilitapika kando ya barabara viazi vyote vya Changamwe.

Watu wakaja. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kigiriama, Mama Kadzo, nyumba yake hapo hapo kando ya njia. Mama alikuwa ameanza kulia, na Mama Kadzo akidhani anakata roho akapiga magoti mchangani, akamshika kichwa, akaanza kumwombea kwa jina la Yesu, kwa nguvu. Niliona Mama akifungua macho kwa mshangao. Nilidhani atauondoa mkono ule. Hakuuondoa. Aliitikia amina.

"Siumwi, mwanangu," akamwambia maombi yalipokwisha. "Nalia kwa sababu nachelewa. Dada yangu yuwafa."

Mama Kadzo akamtazama, kisha akalia naye. Akatuletea mihogo ya kuchemsha na chai isiyo maziwa, akatuketisha kivulini mwa ukuta wa nyumba yake. Akatuambia hiyo si pikapu ya kwanza kuingia mtaro ule. Ilikuja nyingine kama hiyo, akasema, rangi tu ndiyo tofauti, na gurudumu limepinduka vivyo hivyo. Nikamuuliza waliokuwamo walikuwaje. Akanimiminia chai zaidi.

Sasa nifikie jambo ambalo likinijia kichwani hunitoa usingizini. Pale pale tungeweza kusimamisha gari lolote tukaenda. Nilimpigia Salimu nikamwambia kilichotokea. Akauliza kama tumeumia, nikasema goti la Mama. Akasema alhamdulillahi. Halafu akasema, "Usiliache gari, Mwanaidi. Ukiondoka watalichopoa kila kitu. Kuna fundi Kilifi namjua, namtuma sasa hivi. Mngoje."

Nikamngoja. Huyo ni mume, na gari ndilo riziki ya nyumba, na "sasa hivi" ni sasa hivi. Nilimpigia fundi mwenyewe, akasema yuko njiani. Nikampigia tena, akasema yuko njiani. Nyuma yake nilisikia mashine ya kusaga ikinguruma. Jua likatoka upande mmoja wa ukuta likaenda upande mwingine, na Mama Kadzo akahamisha mkeka. Mama hakunihimiza. Alikaa akitazama barabara, na kila gari likipita kwenda Malindi alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

Mwanamisi alipopiga tena hakuuliza tumefika wapi. Alisema, "Dada, njooni tu. Endesheni kwa usalama. Njooni tu."

Mama alinitazama nikiweka simu chini. "Twende," akasema. "Gari na liibwe."

Nikampa Mama Kadzo ufunguo. Alisimama katikati ya barabara na leso yake akaitandaza kama kizuizi cha polisi, na mwanamume mmoja aliyekuwa akipeleka kuku Malindi akasimama kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Akatuingiza mbele, akatupitisha Malindi yenyewe bila kusimama, akavuka mto Sabaki akatufikisha Mambrui, ambako hakuwa na kazi yoyote. Njia nzima hakusema neno ila kuuliza upande wa kukata. Tuliposhuka nilitaka kumshukuru akasema, "Nendeni, nendeni."

Mambrui

Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini. Viti vilikuwa nje, na viatu vingi mlangoni, nasi tukapita katikati yao wakatupisha. Maiti kwetu hazikwi kesho ikiwa yaweza kuzikwa leo, na hilo ni jema, wala silaumu mtu. Lakini pia kwetu wanawake hawendi makaburini. Kwa hiyo Mama hakumkuta dada yake akiwa hai, hakumkuta akiwa maiti, na kaburi lake, lililokuwa nyuma ya nyumba tano kutoka pale, hakuliona.

Mwanamisi alimkumbatia wakaanguka chini wote wawili. Baadaye Mama aliomba aonyeshwe chumba. Kitanda kilikuwa kimekwisha kuvuliwa shuka. Alikaa ukingoni mwake, akapapasa godoro kwa kiganja, akauliza, "Kichwa kilikuwa upande upi?" Wakamwonyesha. Akahamia upande huo.

Mkate wa sinia niliukuta kesho yake umekatwa vipande, unapewa waliokuja matangani. Waliula wakausifu. Mmoja aliuliza nani aliyeoka.

Mjambere

Baada ya hitima, mpwa wa Mwanamisi alitupa nafasi katika gari lake, gari dogo, usukani wake umekaza. Nilikuwa nimeutazama kabla sijapanda, na kijana wa watu akanitazama kwa huruma. Tulipofika Kisauni Mama akasema tupite Mjambere tumwamkie Mwalimu Badi, kwa sababu alisoma na baba yangu na ingekuwa aibu kupita mlangoni pake bila kuingia.

Mwalimu alikuwa amekaa ukumbini akitengeneza waya wa feni. Alitupa pole, akamwombea marehemu, akaagiza kahawa. Mama akamsimulia. Alipofika mahali pa mtaro, Mwalimu akaweka bisibisi chini.

"Na fundi alikuwa amesemaje?" akauliza.

"Fundi wa Mtwapa?" nikasema.

"Fundi wa kabla ya safari. Siku ile Salimu aliponiletea gari, mimi mwenyewe nililisikia. Alipokuwa akigeuza hapo mlangoni lilikuwa lagonga kwa chini. Nikamwambia, kombe nimewasomea, mtaondokewa na hofu. Lakini gari hilo, wallahi, asilipande mtu mpaka fundi alitazame miguu ya mbele. Nilimwambia mara mbili."

Mama akashusha kikombe.

"Hakuwaambia?" Mwalimu akauliza.

Nikasema alituambia nusu.

Toka Mjambere tukashuka hadi kivukoni. Feri ilijaa, tukasimama karibu na ukingo, na katikati ya maji akasema, bila kunitazama, "Usimfanyie ukali mumeo. Ni kudra." Nikasema, "Abee, mama."

Nyumbani

Salimu alikuwa ametupikia. Alipomwona Mama alisimama mbali, kwa ile haya ya mkwe, akainamisha kichwa akasema, "Mama, niwie radhi." Hakusema kwa lipi. Mama alijifunika uso kwa mtandio wake akamjibu kabla hajamaliza, "Nishakuwia, mwanangu." Ndivyo ilivyo baina ya wakwe, na imekwisha kwa upande wao. Mama anamsalimia asubuhi, anamuulizia kazi. Nami sijui moyo wake una nini, kwa sababu hanambii.

Mimi nilimuuliza Salimu waziwazi kwa nini alilificha neno la Mwalimu. Akasema gari likilala gereji wiki nzima, mizigo ya watu ingebebwa na nani? Akasema alikusudia kulipeleka baada ya mwezi ule. Akasema pia kwamba hata gari likiwa zima, ajali ni ajali. Kisha akanieleza amekwisha kumtuma mtu Matsangoni, ungio limepatikana lililotumika, gari litakuja nyumbani wiki hii. Nikamwambia mimi sipandi. Akasema, "Utapanda tu, hasira zikiisha."

Siku mbili baadaye niliweka bando la intaneti kwenye simu. Njiani nilikuwa na salio la kupiga tu. Ujumbe wote wa juma lile ukaingia kwa pamoja, pole juu ya pole, na katikati yake umo mmoja wa sauti, umetoka simu ya Mwanamisi, adhuhuri ya siku ile. Niliubonyeza nikidhani ni Mwanamisi. Ilikuwa sauti ya Bi Esha, nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kutoka mbali.

"Zuhura, mko wapi? Nimeambiwa Kilifi. Kilifi si mbali. Nakungoja, mdogo wangu, lakini jikaze kidogo."

Mama sijamsikilizisha. Sijui kama nina haki ya kumnyima, wala sijui kama ninao moyo wa kumpa.

Jioni ile Salimu alikuja jikoni akaketi kwenye kibao. Akaniuliza nitanuna mpaka lini. Nilipangusa mikono, nikaichukua simu, nikaiweka mapajani mwake, nikabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho, ameitazama ile simu kana kwamba ina uso. Kisha akapangusa kipaji cha uso kwa kiganja.

"Ni kudra, Mwanaidi," akasema.

Nikabonyeza tena.